Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Shida ilinishika mwaka wa 1961, nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alianguka katika shamba letu la pareto, upande wa Magwagwa, jembe likiwa bado mkononi, na hakuinuka. Matanga hayajaisha, baba wadogo walikuwa wameshasogeza mipaka. Mama alinitazama mara moja tu, akasema shule imekwisha. Nilikuwa darasa la tano. Nayasema haya mapema ili mtu asinisome akidhani nilikuwa mwana wa chifu au wa mwalimu. Watu wakisikia nilikuwa rubani wa kampuni ya ndege, ndege ya abiria wanaolipa nauli, huanza kukagua kuta za nyumba yangu wakitafuta vyeti. Ukutani kwangu kuna kalenda.

Nilichimba mitaro. Nilichuma majani chai ya watu upande wa Kericho. Nilibeba mawe ya kujengea nyumba ambazo sikuingia. Jirani yetu mmoja alikuwa bawabu katika uwanja mdogo wa ndege Nairobi, na alipokuja likizo akasema huko kuna kazi ya kuosha. Nilidhani ni kuosha magari. Kumbe ni ndege. Unalala chali chini ya tumbo lake, unafuta mafuta meusi yanayovuja kutoka kwenye injini, nayo yanakudondokea machoni. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi kuliko niliyokaa shule.

Mwenye ndege hizo alikuwa Mzungu mzee, mchache wa maneno. Alikuwa na ndege moja isiyopenda kubeba mtu mmoja. Kiti cha pili kikiwa kitupu iliyumba, kwa hiyo walikuwa wakifunga mfuko wa mchanga pale. Siku moja mfuko ule ukapasuka. Mzee akatazama huku na huku, akaniona mimi na kitambaa changu.

"Wewe, ingia."

Ndivyo nilivyoanza kuruka, badala ya mchanga. Hakuniuliza kama naogopa. Mchanga hauulizwi.

Basi mchanga ukawa na macho. Nilitazama mikono yake inafanya nini, miguu inafanya nini, na sindano za zile saa za mbele yake zinakwenda wapi akifanya hivyo. Baada ya muda mrefu, siku moja tukiwa juu ya nyika za Athi, aliachia usukani ili awashe kiko chake, akasema, "Shika." Nikashika. Akamaliza kiko kizima bila kuomba arudishiwe. Tangu hapo alinifundisha, na mshahara wangu ukawa unaishia katika petroli ya kujifunzia. Nguo nilikuwa na ovaroli. Kanisani nilikuwa nakaa nyuma kabisa kwa sababu ya harufu ya mafuta.

Mtu asikudanganye kwamba kuruka ndiko kugumu. Kugumu ni mtihani. Kiingereza changu kilikuwa cha banda la ndege: spana, grisi, ondoa, haraka. Karatasi ya mtihani haikuwa na hata neno moja kati ya hayo. Karatasi ya mawingu ilinishinda mara tatu, mimi niliyezaliwa chini ya mawingu ya Kisii yanayomwaga kila alasiri. Mara ya nne nikapita. Sikufurahi. Nilikwenda nikalala.

Leseni nikawa nayo, kazi sina. Nilizunguka ofisi za kampuni za ndege na viatu vilivyoazimwa. Enzi hizo nchi ilikuwa inatafuta marubani Waafrika kweli kweli, lakini walitafuta vijana waliotoka sekondari, wa kupelekwa ng'ambo. Kijana mmoja mezani alinisoma juu mpaka chini, akasema, "Mzee, nafasi ya bawabu imeshapata mtu." Sikuwa mzee. Nilikuwa nimechoka tu usoni. Nikamwekea leseni mezani. Akaigeuza, akaitazama nyuma kama noti ya bandia, akaniambia nitaandikiwa. Mpaka leo.

Aliyenichukua alikuwa rubani mkuu wa kampuni moja ndogo iliyokuwa na safari ya Nairobi, Kisii na Kisumu. Alikuwa Mgoa, mwembamba kama muwa, shati jeupe daima. Rubani wake alikuwa ameondoka kwenda kwenye ndege kubwa, na wenye vyeti walikuwa hawautaki uwanja wa Kisii. Ulikuwa wa nyasi, milima imeuzunguka, mvua haikosi, na ng'ombe wanalishwa humo kama kwao.

"Uwanja wa Kisii unaujua?" akaniuliza.

"Naujua. Mjomba wangu analisha pale."

Hakucheka. "Basi hao ng'ombe utawafukuza kwa Kikisii."

Akaniajiri kwa majaribio. Alisema itafika siku moja, hataitaja, ataruka nami, na siku hiyo ndiyo itaamua kama nitaandikwa au nitarudi kuosha. Miezi ile yote niliamka kila alfajiri nikijiuliza kama ndiyo leo. Uchovu wa kufanya kazi unalala nao, asubuhi umepungua. Uchovu wa kungojea kupimwa unaamka kabla yako.

Na watu wa kwetu hawakunisaidia. Ndege ilikuwa ya injini mbili, viti kumi pamoja na changu, na hapakuwa na ukuta kati ya rubani na abiria. Walikuwa wananiona kisogo. Mfanyabiashara mmoja wa ndizi alipanda, akaniona, akashuka. "Huyu namjua," aliwaambia wenzake kwa Kigusii, akidhani sisikii. "Hata baiskeli alikuwa anakodi. Leo anipeleke mbinguni?" Alisubiri ndege ya Alhamisi. Na Alhamisi nikawa mimi tena.

Wakati huo nilikuwa nimeshaoa binti wa Nyamache. Ng'ombe nilipeleka, wote wazima. Lakini mama yake sikuwahi kumwona uso vizuri, wala sikutakiwa kumwona. Kwetu jambo hilo linaitwa chinsoni. Asiyelijua nitamweleza kwa ufupi: mkwe hampi mama mkwe mkono, hali naye, hakai naye pamoja, na akimwona anakuja njiani anaingia ndani ya majani chai ya watu mpaka apite. Si chuki. Ni heshima, na ina uzito kuliko mapenzi. Akiivunja mtu, wazee husema balaa huangukia watoto.

Sasa siku yenyewe. Nilifika uwanjani Nairobi asubuhi nikamkuta rubani mkuu amesimama kando ya ndege, shati jeupe, mikono nyuma.

"Leo ndiyo leo," akasema. "Mimi nitakaa nyuma ya kiti chako, abiria kama abiria. Sisemi kitu. Ukisikia nimesema, ujue umeshindwa."

Kutoka Nairobi hadi Kisii hakusema. Nilishuka juu ya nyasi vizuri, ng'ombe wakakimbia wenyewe. Abiria wakashuka, wa kurudi Nairobi wakaanza kupimwa. Kila mtu alikuwa anapimwa, kwa mizani ileile ya magunia ya kahawa, kwa sababu uwanja ule ulikuwa mfupi na uko juu, na ndege ndogo inataka kujua imebeba nini na wapi. Karani wetu pale alikuwa mzee wa Kiislamu wa mjini, mpole sana. Uzito wa wanaume aliutangaza, wa wanawake alininong'oneza sikioni.

Nilikuwa nakagua tairi niliposikia, "Shemeji! Sasa umeona? Nimemleta mama kwa ndege!"

Ni ndugu wa mke wangu, karani wa benki Nairobi, mtu wa tai na maneno. Alikuwa anampeleka mama yake kwa daktari wa macho, na badala ya basi alitaka Nyamache yote ijue.

"Hukuniambia," nikasema.

"Nilimwambia dada."

"Dada yako hakuniambia."

"Basi alisahau. Kwani kuna neno? Wewe si utakuwa kule kwako mbele?"

Nilimwona mama mkwe pale kwenye mizani. Mwili alikuwa nao. Aliponitambua alivuta leso hadi usoni, akageukia ua wa michongoma. Alidhani ndege ni kama basi kubwa, dereva yuko kwake huko na ukuta. Karani alikuja kuninong'oneza uzito wake, nami nikageuka kutazama mkia wa ndege.

Nyuma kabisa ya ndege kulikuwa na sanduku la mashine ya hospitali linalopelekwa kutengenezwa. Zito, na halikuingia ila kwa mlango wa nyuma. Ndege ikiwa nzito mkiani ni kama mtu aliyebeba mzigo kwa kamba ya kichwani kisha kamba ikateleza. Pua inainuka kabla ya wakati, halafu inaanguka. Kwa hiyo mzito kuliko wote hukaa mbele, pembeni mwa rubani, bega kwa bega. Niliwapanga kichwani abiria wote tisa. Mfanyabiashara wa nguo, mwembamba. Walimu wawili, wembamba, maana mwalimu mnene enzi hizo hakuna. Rubani mkuu, muwa. Nikawapanga tena. Kila nilivyopanga, wa mbele alikuwa mama mkwe.

"Shemeji, muweke nyuma kabisa," ndugu yule akasema, tai yake sasa imelegea. "Mtu mmoja tu. Ndege kubwa hivi itajuaje?"

"Itajua."

"Aa, shemeji! Mama akae na wewe? Watu wanaona! Acha basi hilo sanduku."

"Sanduku ni la wagonjwa. Na limeshafungwa."

Nyuma ya mlima wa Manga mawingu yalikuwa yanapanda, meusi chini. Nikichelewa, mvua ingelowesha nyasi na siku ingeisha hapo. Rubani mkuu alisimama chini ya bawa, mikono nyuma. Alinitazama mimi, akatazama mawingu, akanitazama mimi. Hakusema.

Kusema na mama mkwe ana kwa ana haiwezekani. Basi nikafanya kama wafanyavyo watu wa kwetu wakibanwa: nilimpa mgongo, nikatazama ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, nikasema nao kwa Kigusii, kwa sauti ya kusikika.

"Wewe mfuko wa upepo. Mwambie mama kwamba ndege hii inataka akae mbele. Si mimi ninayetaka. Akikaa nyuma, wote hatutafika."

Nikasikia sauti yake nyuma yangu, anaiambia mizani.

"Ewe mizani. Muulize huyo anayesema na kitambaa kama hana mama."

"Mfuko, mwambie ninaye."

"Mizani, muulize kama mama yake anaweza kukaa hapo nilipoambiwa nikae."

"Mama yangu ni mwembamba," nikauambia mfuko. "Angekaa popote."

Watu wakaangua kicheko, hata wenye ng'ombe. Yule mzee karani alijishika mdomo. Mama mkwe hakucheka. Ngurumo ya kwanza ikasikika, mbali. Ndipo akaiambia mizani, pole pole, kama mtu anayetua mzigo:

"Mmenipima kama gunia la kahawa mbele ya watu hawa wote. Basi nipakieni kama gunia. Gunia halina mkwe."

Akachukua blanketi alilokuwa amebeba kwa ajili ya baridi ya Nairobi, akajifunika kichwa hadi miguu. Mwanawe akamwongoza kama kipofu, akamkalisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda juu ya blanketi. Mimi niliingia kwa mlango wangu, nikajibana upande wa dirisha. Nikamwambia ndugu yule amweleze mama asiguse kitu chochote kilicho mbele yake. Maana kiti kile nacho kina usukani, na usukani wake na wangu ni kitu kimoja: ukivutwa ule, huu unakuja. Alimwambia. Nilisikia akimwambia. Blanketi likatikisika kukubali.

Tukaondoka. Nyasi zilikuwa bado kavu. Ndege ikashika mwendo, ikaruka kwenye vichuguu kama kawaida yake, ua wa mwisho wa uwanja ukaja, nikavuta kidogo, magurudumu yakaacha ardhi. Ni hapo mwanadamu anaposikia tumbo lake limebaki chini. Mama mkwe naye alilisikia. Mkono ukachomoka ndani ya blanketi ukitafuta kitu cha kushikilia, ukapata usukani, ukavuta.

Pua ikainuka. Nikaona mbingu tupu. Honi ya kuonya kwamba mwendo unakwisha ikaanza kulia.

Sikufikiri chinsoni. Sikufikiri kazi. Mkono wangu wa kulia uliacha vishikio vya injini, ukashika kifundo cha mkono wa mama mkwe, ukakibandua kutoka kwenye usukani kama unavyobandua kupe, ukakikandamiza juu ya goti lake na kukishikilia hapo. Wa kushoto ukasukuma pua chini. Tuliteremka kidogo kuelekea migomba ya watu, nikaona mtu ameinua uso anatukodolea macho, kisha mwendo ukarudi na tukaanza kupanda. Nikamwachia. Mkono ukarudi ndani ya blanketi bila sauti.

Nyuma yangu rubani mkuu hakusema. Niliingojea sauti yake juu ya Sotik, nikaingojea juu ya Bonde la Ufa. Nilisikia walimu wakiomba Mungu kwa kunong'ona. Shati langu lililowa likanikaukia mwilini. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka saa ile, na mchana ulikuwa haujaisha.

Nairobi tulitua. Blanketi likaongozwa nje na likaondoka na mwanawe pasipo kugeuka. Rubani mkuu alisubiri abiria wote waende, akatembea mbali na ndege, akawasha sigara.

"Yule mama iko nani?"

"Mama mkwe."

Akavuta moshi. "Mimi yangu iko Goa," akasema. "Mbali kabisa. Mungu ni mkubwa." Akavuta tena. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe. Na iko fomu ya kazi ya kudumu, pitia ofisini uweke sahihi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Wengine walipigiwa makofi.

Habari ilifika Nyamache kabla yangu. Mke wangu aliniuliza tukiwa mezani, "Ulimshika mama?"

"Nilimshika."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

Hakumaliza chakula. Nikaitwa na wazee wa kwao. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, nikaketi uani juu ya kigoda, wao saba mbele yangu na baba mkwe kando. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, akasema mambo ya kutakasa kwa mbuzi ni ya giza na tusali tu. Mwingine akamwambia, "Mogaka, sali wewe. Sisi tutakula." Wakaniuliza nilimshika mkono gani, kwa mkono gani, na kama blanketi lilikuwa kati. Nikasema halikuwa kati. Wakatikisa vichwa. Mwisho yule aliyekuwa mkubwa wao akatoa neno: mbuzi wa kutakasa, na kazi hiyo niiache. Kazi gani hiyo ya kukalisha mama wa mtu bega kwa bega na mkwe?

Nikasimama. Nilikuwa nimetoka zamu jioni iliyotangulia, macho yananiuma.

"Wazee wangu," nikasema, "mbuzi nitatoa. Kazi sitoi. Hiyo kazi sikupewa na mtu, nimeilalia chali chini ya ndege nikidondokewa mafuta machoni. Na leo mama akiushika tena ule usukani, nitamshika tena."

Wakaguna. Baba mkwe alitazama chini. Ndipo sauti ikatoka jikoni, ndani ya moshi, haimwambii mtu yeyote:

"Huyo aulizwe: kama nisingeshikwa, sasa hivi ningekuwa wapi?"

Nikaijibu nguzo ya nyumba. "Katika migomba ya watu, mama. Sote."

Tukasikia kuni zinasukumwa mekoni.

"Basi mbuzi asiwe mkubwa," sauti ikasema.

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa, na neno la kuacha kazi halikurudiwa tena. Nilitoa mbuzi, wa kiasi. Yule wa Sabato hakula, ila alichukua ngozi.

Niliruka njia ile mpaka kampuni ikafungwa, miaka ya sabini ikielekea mwisho. Nisikilize nikwambie: haikuwa raha. Ilikuwa kuamka gizani, kunywa chai ya maji maji, kutazama Manga kama umevaa kofia ya mawingu, kubeba watu wanaotapika katika mifuko ya karatasi na wanaokulaumu kwa mawingu. Masikio yaliharibika kwa kelele. Kiuno kiliharibika kwa kile kiti. Nikishuka Kisii watoto walikuwa wanaimba kwamba huyu ndiye aliyemshika mkwe mkono, na nilikuwa nimechoka hata kuwakemea. Lakini kila asubuhi nilipoweka mkono kwenye vishikio vya injini zile, nilijua nimeandikwa na siwezi kufutwa na mtu kwa sababu ya darasa la tano. Mama mkwe hakupanda ndege tena hadi alipozikwa. Alisema macho yanapona hata kwa basi.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne huku Magwagwa, na bati lake halivuji. Nina majani chai ekari mbili na nusu. Nina migomba, ambayo siihesabu. Nina ng'ombe watatu, mmoja anakamwa. Nina tangi la maji. Nina redio. Nina sikio moja linalosikia. Nina leseni iliyokwisha muda, iko ndani ya sanduku la nguo. Nina mke yuleyule wa Nyamache na watoto sita, wote wazima, wote wanasimama kwa miguu yao. Ndege sina, wala sikuwahi kuwa nayo.